Mahojiano ya Ukumbini

Sentensi yenyewe ni fupi, na mliosoma mambo ya jamii huenda mmewahi kuinakili: "Mimi hapa ni mtu wa nyumba." Aliisema Nyamizi, mtumishi kutoka Tabora, mwaka tisini na nne, ukumbini kwa Bi Azza, Matrah ya Maskati, akiwa amesimama karibu na mlango na birika la kahawa mkononi. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyeshika kinasa sauti. Tangu siku ile nimeikuta sentensi hiyo katika vitabu vya watu ambao hata hawajui Matrah iko upande gani wa dunia, na kila nikiikuta natamani kumtia mtu kofi, ila sijui nianze na nani.

Mwenye utafiti alikuwa Dokta Zakiya. Alizaliwa Unguja, Malindi, akaja Maskati msichana pamoja na wazee wake, akasoma Kairo, kisha Uingereza, akarudi kufundisha chuoni enzi ambazo mwanamke aliyekuwa daktari asiyetibu watu aliulizwa kila harusini, basi huo udaktari wako unatibu nini? Hakuolewa. Alikuwa mfupi, sauti nzito, maneno ya haraka, na alipenda kubishana kuliko kula. Mimi, Shinuna, nilikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake, kisha yule mtu anayepigiwa simu miwani ikipotea. Nilimpenda. Naliandika hilo mapema ili nikianza kumsema msinielewe vibaya.

Swali lake lilikuwa zuri, hilo sitamnyima. Alitaka kujua kwa nini katika majumba yetu sisi tuliotoka Unguja mtumishi anaitwa mwanangu, analala na watoto chumba kimoja, analia nasi tukifiwa, na bado ni mtumishi. Wazungu walikuwa na jibu lao tayari, bwana na mtumwa, basi. Dokta Zakiya alilichukia jibu hilo kwa sababu lilikuwa la watu ambao hawajawahi kula nasi. Yeye akasema kuna udugu unaozaliwa jikoni, baina ya watu waliokula chungu kimoja miaka na miaka, na akauita udugu wa chungu. Ili kuuthibitisha ilibidi awaulize wenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya adabu.

Huwezi kuingia nyumba ya mtu Maskati ukasema nimekuja kuzungumza na mtumishi wako, hebu tupishe. Unapokewa, unakalishwa, unaletewa fuala: matunda yaliyokatwa, halwa, kahawa. Mwenye nyumba anakaa nawe mpaka unapoaga, maana kumwacha mgeni peke yake ni aibu, na mgeni kumwomba mwenye nyumba atoke ukumbini kwake ni aibu isiyo na jina. Basi Bi Azza alikaa. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, naye alikuwa mwanamke mnene mwenye moyo mkunjufu, wa kukulisha mpaka uombe msamaha.

"Muulize tu, Dokta," alisema. "Huyu mwanangu, huyu. Hana la kuficha."

"Nyamizi, khabari za hapa?" Dokta aliuliza.

"Salama, mama."

"Unajionaje katika nyumba hii?"

Nyamizi alimtazama Bi Azza. Bi Azza akamtabasamia, na naapa lilikuwa tabasamu la mapenzi ya kweli. Ndipo Nyamizi akasema ile sentensi, akatumiminia kahawa. Bi Azza alitokwa na machozi. Dokta Zakiya naye, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alishughulika sana na kikombe chake.

Garini nilimuuliza kama hatungeweza kumwona yule dada peke yake, siku nyingine, mahali pengine.

"Shinuna," alisema, "mie nimezaliwa Malindi. Unataka nimwambie mtu ampe ruhusa mtumishi wake aje kunisemea siri za nyumba yake? Huo utafiti au umbea?"

Niliyaacha hapo, kwa kuwa nami nimelelewa vivyo hivyo. Tulikwenda nyumba nyingine baada ya hiyo, Matrah, Ruwi, Al Khuwair, na kote tulikula halwa na kote tuliambiwa salama.

Angeishia hapo, kingekuwa kitabu kimoja miongoni mwa vitabu. Lakini Dokta Zakiya hakuwa mtu wa kuwa na udhaifu halafu akauacha ukae udhaifu. Aliugeuza kuwa nadharia. Sura ya pili ya kitabu chake aliita mahojiano ya ukumbini. Alisema mtafiti wa Ulaya humwingiza mtu chumbani, akafunga mlango, akamdadisi kama askari anavyomdadisi mwizi, kisha akadhani amepata ukweli. Kwetu sisi, alisema, neno huwa kweli linaposemwa mbele ya wenye kuhusika, fuala ikiwa katikati, kwa kuwa lina shahidi. Aliandika vizuri mno. Mimi mwenyewe niliisahihisha sura ile, na nilipofika mwisho nilikuwa nimeshaamini.

Na dunia iliamini. Ilikuwa zamani za watu kuchoka kufundishwa na Wazungu jinsi ya kuulizana khabari, na hapa palikuwa na mwanamke wetu aliyesema njia yetu ni njia. Aliitwa Nairobi, akaitwa Dar es Salaam, akaitwa Ulaya kwenyewe, wakampigia makofi wale wale aliowatukana. Vijana waliandika tasnifu zao kwa njia yake, mmoja akawahoji wafanyakazi wa mashamba ya chai mbele ya wanyapara wao, akapewa shahada. Nisamehewe, lakini nilipoisoma ile nilicheka mpaka nikaona haya.

Aflah ndiye aliyeipeleka mbali kuliko wote. Alikuwa mwanafunzi wetu, kijana mpole, msafi, mwenye kanzu isiyojua mkunjo, na aliajiriwa katika ofisi moja Al Khuwair iliyokuwa na kamati ndogo ya kusuluhisha mambo ya watumishi wa majumbani. Zamani mtumishi akilalamika, mambo yaliishia polisi, watu wakafedheheka. Aflah akaleta kitabu cha mwalimu wake. Mtumishi ni mtu wa nyumba, akasema, na jambo la nyumba humalizwa nyumbani. Tangu hapo kamati ikawa inakwenda hadi nyumba yenyewe. Inapokewa, inaletewa fuala, mtumishi anaitwa, anaulizwa mbele ya mwajiri wake: unaishije hapa? Wote walikuwa wakiishi salama. Malalamiko yalipungua sana, na kila mwaka Aflah alimletea Dokta khabari hiyo kama zawadi ya Idi, naye Dokta alifurahi, na kwa nini asifurahi? Ni wasomi wangapi wameona nadharia yao ikitoka kitabuni ikaingia majumbani mwa watu?

Mwaka elfu mbili na tano kiharusi kilimpiga darasani. Upande wa kushoto ulikufa. Maneno yalirudi, polepole, lakini mkono na mguu havikurudi. Kwa kuwa hakuwa na mume wala mtoto, nduguye Saeed alimchukua nyumbani kwake Al Khuwair, akampa chumba cha mbele, karibu na ukumbi, na mkewe Salha akawa ndiye mwuguzi.

Sitaki mtu amfanye Salha kuwa jini. Alikuwa na watoto, alikuwa na mama yake mgonjwa huko Yiti, na hakuna aliyemuuliza kama anaiweza kazi ya kumbeba mwanamke mzima kumpeleka chooni. Alifanya aliloweza, na aliloweza lilikuwa halitoshi. Lakini sisi wageni hatukuliona hilo. Tulikuja kumwona mgonjwa, tukakalishwa, Salha akaleta fuala, akakaa nasi kama ipasavyo.

"Khabari zako, Dokta?"

"Alhamdulillah. Wifi yangu ananitunza kama mama yangu."

Salha akainamisha kichwa kwa haya, sisi tukamwombea kheri, tukaenda zetu tukisifu. Nilikwenda hivyo mara nyingi. Mimi, msaidizi wake, mtu wa kinasa sauti, nilikuwa nikiuliza na kuamini.

Siku moja alasiri simu ililia jikoni, Salha akaenda kuipokea. Alikuwa mama yake. Mazungumzo yakawa marefu. Dokta alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, akanivuta.

"Nna kiu," alisema.

Nilimpa maji ya mezani. Aliyanywa kwa pupa, yakamwagika shingoni, akadai tena, akanywa tena. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na nikajishangaa nilikuwa nikitazama nini siku zote zile.

"Kwa nini huombi?"

"Nikinywa, ntataka choo. Nikitaka choo, hana budi aniinue. Mgongo wake unamuuma. Akiniinua hanambii kitu. Anapumua tu. Shinuna, ile pumzi siiwezi. Bora kiu."

Kisha akaniomba nimtazame mgongoni. Nilimgeuza. Nilichokiona sitakieleza hapa, kwa kuwa alikuwa mwanamke msafi maisha yake yote. Nilimrudisha taratibu, nikamwambia nitazungumza na Saeed leo hii.

"Usithubutu. Ukisema, ntakwenda wapi?"

Nilikuwa naishi na mume wangu na wakwe zangu katika nyumba isiyo na chumba cha ziada, na hospitali ilikuwa imeshasema haina la kumfanyia. Jikoni Salha alikuwa bado anamtuliza mama yake kwenye simu. Dokta alikuwa akitazama mlango wa ukumbini, na uso wake ulibadilika, upande ule uliokuwa unaweza kubadilika.

"Nlimuuliza mbele ya Azza," alisema.

"Nani?"

"Nyamizi. Nlimuuliza akiwa na birika mkononi, na Azza kakaa pale. Wote nliwauliza hivyo." Alikuwa akipumua kwa shida. "Nenda kamwone. Muulize peke yake. Kisha uje unambie, hata kama Salha yupo, unambie kwa macho tu."

Nyamizi alikuwa bado yupo kwa Bi Azza. Sikwenda huko nyumbani kwao. Nilimvizia soko la samaki la Matrah, alikokuwa akiletwa na dereva, na dereva hubaki garini kwa kuwa hapendi harufu. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Alinikumbuka kabla sijajitaja.

"Dada wa redio," alisema. "Mama Dokta hajambo?"

Tulisimama kando ya meza ya jodari, maji ya barafu yakitulowesha miguu. Nilimuuliza lile swali la zamani, unajionaje katika nyumba ile. Alitazama nyuma yake kwanza. Hapakuwa na mtu ila mwuza samaki, Mbalushi asiyejua Kiswahili.

"Nataka kwenda kwetu," alisema. "Nilitaka tangu kabla hamjaja na redio yenu. Mwanangu Cyprian nilimwacha ananyonya. Sasa ana ndevu. Mama yangu alikufa nikamlilia jikoni, nikakatakata vitunguu ili wasiulize. Nikiomba pasi yangu ya kusafiria Bi Azza analia. Anasema, ukienda, nani anajua dawa zangu? Anasema, mtu anaikimbia nyumba yake? Hanipigi. Angenipiga, ningekuwa na neno la kusema."

Mwaka uliopita, alisema, alimponyoka dereva akapanda teksi hadi ile ofisi ya Al Khuwair. Walimsikiliza vizuri, wakamrudisha kwa gari yao, na baada ya siku chache Aflah mwenyewe na wenzake wakaja nyumbani.

"Kahawa nilileta mimi," Nyamizi alisema. "Ungejibu nini, dada, na birika mkononi?"

Alijibu salama. Wakaandika salama. Lakini shauri lilikuwa bado halijafungwa, lingefungwa baada ya Idi, na likishafungwa hakuna kufunguliwa tena.

"Mwambie Mama Dokta awaambie waniulize nje. Hata hapa penye samaki. Nitasema yote. Siyo pale ukumbini. Pale siwezi, dada, mdomo haufunguki." Akachukua mfuko wake. "Yeye watamsikia. Si ndiye aliyewafundisha?"

Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwa Dokta Zakiya, na halikuwa kubwa. Hakuombwa kupindua nchi. Aliombwa amwambie mwanafunzi wake neno moja, kwamba mwanamke mmoja aulizwe nje ya nyumba. Nilipomweleza, mdomo wangu sikioni mwake huku Salha akiosha vyombo, alifumba macho, kisha akasema, "Mwite Aflah."

Aflah alikuja siku iliyofuata, alhamdulillah, nilifikiri, mtu mwenye kujua deni la mwalimu. Alimbusu Dokta kichwani. Alileta sanduku la tende na khabari kwamba chuo kinaandaa mkutano wa kumuenzi, na watu wanakuja kutoka mbali kuzungumza juu ya mahojiano ya ukumbini. Saeed alikuwa amerudi kutoka kazini mapema kwa ajili ya mgeni. Dokta aliletwa ukumbini katika kiti cha magurudumu, amevishwa kanga mpya. Salha akaleta fuala. Wote tukakaa.

Nilimwona Dokta akilitazama lile sinia la matunda kama mtu anayemwona adui wake akiingia na viatu.

"Aflah," alisema, "ile njia ya kuuliza ukumbini. Iacheni."

Aflah alicheka kwa adabu. "Dokta, njia ile imetuondolea fedheha ngapi?"

"Iacheni. Nlikosea. Mtu hasemi mbele ya mwenye nyumba. Yupo mmoja Matrah, kwa Azza. Muulizeni nje."

"Nyamizi?" Alishangaa kweli. "Lakini Nyamizi ndiye kitabu chenyewe. Na sisi tumekwenda, tumemuuliza, kasema yale yale. Baada ya miaka yote hiyo, Dokta, maneno yale yale. Mimi nikasema, subhanallah, huu ndio ushahidi."

"Alisema kwa kuwa Azza alikuwepo."

"Kitabuni umesema mbele ya mwenye nyumba ndipo neno linapokuwa kweli."

"Nlisema."

"Basi kimebadilika nini?"

Aliuliza kwa heshima, kwa kutaka kujua, kama alivyokuwa akiuliza darasani. Jibu lilikuwa mgongoni mwa Dokta, chini ya ile kanga mpya. Nilijua mimi na alijua yeye. Nikaona niingilie.

"Mimi nimemwona Nyamizi," nilisema. "Peke yake. Anataka kwenda kwao."

"Umemwona wapi?"

Nikisema sokoni, kesho atakatazwa soko, na soko ndiyo pumzi pekee aliyobakiwa nayo. Nilisema tulikutana tu. Aflah aliniangalia kwa upole kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyekamatwa na uongo mdogo.

"Sikatai, Bi Shinuna. Lakini kila mtu akikutana na mtu njiani akamwambia lake, tutamwamini nani? Ndiyo maana Dokta alitufundisha shahidi." Akamgeukia tena. "Dokta, niwie radhi kwa mfano wangu. Wewe mwenyewe sasa umo katika nyumba ya nduguyo. Umekuwa wa kutunzwa. Wewe, ambaye mkuu wa chuo ulimwambia makosa yake mbele ya watu. Kama kuna kitu unapungukiwa hapa, ungekaa kimya? Ungetuficha sisi wanao?"

Saeed alinyoosha mgongo, akatabasamu, tabasamu la mtu asiye na wasiwasi kwa sababu hajawahi kuingia kile chumba asubuhi. Salha alikuwa ameinuka na birika, akimtazama wifi yake, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa anaogopa. Namna alivyoogopa, nilijua kuwa anajua. Alijua kilichoko mgongoni na alijua kiu, na alikuwa akingoja kusikia kama atafedheheshwa mbele ya mumewe na mgeni wake, katika nyumba yake, baada ya yote aliyoyabeba.

Sema, nilimwambia Dokta moyoni. Sema sasa hivi. Angesema neno moja tu, nna kiu, Aflah angeona. Hakuwa mjinga yule kijana. Nadharia nzima ingeanguka pale pale kati ya halwa na tende, na Nyamizi angeulizwa nje.

Dokta Zakiya alimtazama Salha kwa muda. Kisha akamtazama nduguye.

"Nna raha," alisema. "Mie hapa ni mtu wa nyumba."

Salha aliweka birika chini, akalia, akaja kumbusu mkono. Saeed alikohoa akatazama dirishani. Aflah naye macho yalimlowa, na aliponigeukia hapakuwa na hata chembe ya kejeli katika sauti yake. "Umesikia, Bi Shinuna?"

Nilisikia. Nilimchukia wakati ule, sitaficha. Nilimchukia Dokta Zakiya kuliko nilivyomchukia Aflah au Bi Azza au mtu yeyote, kwa sababu alijua. Chuki hiyo ilidumu mpaka Saeed na Salha walipotoka kumsindikiza mgeni hadi langoni, tukabaki wawili. Nilimimina maji katika glasi, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso.

"Kunywa, Dokta. Haraka."

"Ataona glasi imetumika," alisema. "Leo usinipe. Leo amefurahi."

Chuki ikanitoka yote, na heri ingebaki, maana kilichokuja mahali pake kilikuwa kizito zaidi. Niliirudisha glasi mahali pake, nikaifuta.

Alikufa majira ya baridi ya mwaka ule ule, kwa damu iliyochafuliwa na vidonda vya mgongoni, ingawa matangani ilisemwa ni kiharusi cha pili. Mkutano ulifanyika bila yeye. Aflah alisoma karatasi ndefu, na mwishoni akasimulia jinsi mwalimu wake, mgonjwa, akiijaribu nadharia yake kwa nafsi yake mwenyewe, alivyotamka maneno yale yale ya mtumishi wa Matrah. Watu walisimama kumpigia makofi. Siku hizi wanaonukuu sentensi ile huinukuu mara mbili, ya Nyamizi na ya Dokta, na wanasema ya pili inaithibitisha ya kwanza. Niliandika makala kueleza niliyoyaona. Jarida liliirudisha, wakiniuliza kwa adabu shahidi wangu ni nani.

Lakini nataka kumaliza na Nyamizi, kwa kuwa yeye alikuwa akingoja. Ilikuwa baada ya Idi, Dokta akiwa hai bado. Shauri lilikuwa limefungwa. Nilikwenda soko la samaki kumwambia mwenyewe, nimejipanga maneno njia nzima, na nilipofika nikamwona anatoka na mfuko wake. Nilimpungia mkono. Alikuja upesi, uso umefunguka, na alipokuwa hatua chache kutoka kwangu kioo cha gari lililokuwa nyuma yangu kikateremka. Siku ile Bi Azza alikuwa amekuja naye.

"Shinuna! Mwanangu, siku nyingi," alisema, akanipa mkono wake wenye pete. "Khabari za Dokta?"

Nyamizi alikuwa amesimama pale pale, maji ya samaki yakimdondokea viatuni, ananitazama mdomoni.

"Salama, Bi Azza," nilisema. "Alhamdulillah. Wanamtunza vizuri sana."

Nyamizi aliendelea kunitazama kwa muda kidogo. Kisha akainamisha macho, akafungua mlango wa nyuma, akaweka samaki chini, akaingia.